Stakabadhi ya Ufunguo

Malori manne yalipanda Tandahimba saa kumi alfajiri,
taa zimezimwa, kana kwamba korosho zingekimbia.
Mimi, Nandonde, karani wa mizani wa chama cha msingi,
nililala ghalani msimu ule, juu ya magunia matupu,
nikasikia buti kabla ya kusikia hodi.
Hodi ilikuja. Hilo niliseme: hodi ilikuja.

Luteni alikuwa kijana, sauti ya chini, kucha safi.
"Kuanzia leo ghala liko chini yetu. Amri kutoka juu."
Juu wapi, nikauliza. Wilayani, mkoani, au kwa Mungu?
Hakucheka. Akanyoosha mkono.
Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika:
nimepokea ufunguo mmoja, wa kufuli la shaba, una kutu kidogo.
Akaitazama karatasi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike.
Akaikunja, akaitia mfukoni.
Hakutia saini.

Nisimsingizie. Walipima vizuri.
Kilo ilikuwa kilo. Wale wa kangomba,
waliozoea kununua kwa bakuli gizani, waliingia mitini.
Mkwepu, mwenyekiti wetu wa kura mia tatu na kumi na mbili,
alituahidi mizani mpya miaka miwili;
askari waliishusha siku ya tatu, bado ina karatasi za kiwandani.
Bi Somoe alilipwa palepale. Akahesabu mara mbili,
akapiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika.
Nani amlaumu? Msimu uliopita tulimlipa ahadi.

Ilianza na mbuzi.
Mbuzi wa Chikoleka alikula mihogo ya jirani,
wakaenda kwa Luteni, akaamua kwa dakika nne.
Kisha mpaka wa shamba. Kisha talaka.
Kisha kijana aliyelewa uraka akamtukana baba yake
akarukishwa kichurachura kuzunguka ghala, mara ishirini,
na watu wakapiga makofi,
mama yake akiwamo,
mwanzoni.

Ng'ambo ya barabara, ofisi ya kijiji,
benchi la wenye shida lilishika vumbi.
Mkwepu alishinda humo na muhuri wake,
akiugonga juu ya gazeti kuukuu
kuona kama wino bado upo.
Mkuu wa wilaya alipokuja alimpa mkono Luteni.
Mwenyekiti akaambiwa alete viti.
Akaleta.

Mtasema niliona wivu. Labda.
Lakini usiku mmoja Luteni alikuja kuketi mlangoni,
kofia magotini, akimenya ming'oko kwa kisu cha kazi.
"Baba yangu analima pamba Meatu," akasema.
"Mimi nilifundishwa mizinga. Hapa wananiletea ndoa zao."
Warudishe kwa Mkwepu.
"Nimewarudisha. Wanakuja tena, na maji ya kunywa wananibebea."
Maji, huku kwetu uwandani, ambako ndoo hupimwa kama mahari!
Nikanyamaza.
Nimepima korosho miaka kumi na tisa;
sijaona mizani ya kupima mazoea.

Januari waliondoka kama walivyokuja, taa zimezimwa.
Ufunguo niliukuta msumarini
umeviringishwa ndani ya karatasi yangu mwenyewe,
mahali pa saini bado peupe.

Mkutano wa kijiji, Februari. Ajenda ya kwanza, mapato.
Bi Somoe akasimama, kanga mpya begani:
"Tumwombe yule Luteni arudi. Awe yeye."
Awe nani? nikauliza.
"Awe yeye tu. Cheo mtatafuta."

Makofi.
Yule kijana wa kichurachura alikuwa nyuma kabisa,
goti lake bado halikunjiki,
na sikuona mikono yake, watu walikuwa wengi.

Niliandika kwenye muhtasari, maana ndiyo kazi yangu,
na makofi nikayaandika.
Mkwepu akagonga muhuri pale chini.
Ulitoka nusu:
Kijiji kilisomeka.
Serikali haikushika wino.